Printa fremuni, mafaili chumbani: mtandao wa kompyuta tatu usiokula bando

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kihonda, Morogoro. Nyumbani tuna kompyuta tatu. Yangu ya mezani iko chumbani, ndiyo ninayotungia mitihani ya majaribio kwa shule mbili tatu za jirani. Binti yangu anayesoma chuo ana laptopu. Ya tatu, ya mezani pia, iko kwenye fremu ya mbele ambako mke wangu anaendesha steshenari. Printa ni moja tu, nayo iko fremuni. Intaneti tunaipata kwa ruta ya laini ya simu iliyopo sebuleni. Kila nikitaka kuchapa napeleka fleshi, na mwezi uliopita fleshi ilirudi na folda zangu zote zimegeuka vialama vyenye mshale visivyofunguka. Kijana mmoja fundi ameniambia ninunue seva, na kwamba kila ukurasa utakaochapwa kupitia mtandao utakula bando. Je, ni kweli? Na nianzie wapi?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Nianze na hizo folda, maana najua ndizo zinazokunyima usingizi. Kwa dalili ulizoeleza, mitihani yako huenda bado imo humo humo. Kirusi cha aina hiyo kwa kawaida hakifuti kitu. Kinazificha folda za kweli na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale, na ukiibofya mojawapo unakiamsha kirusi chenyewe. Kwa hiyo usibofye chochote. Ichomeke fleshi kwenye kompyuta yenye antivairasi iliyosasishwa, iskani kwanza, kisha andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia. Dirisha jeusi likifunguka andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Badala ya F weka herufi ya fleshi yako. Bonyeza Enter, subiri mpaka mstari wa kuandikia urudi, ndipo uifungue fleshi. Folda zitakuwa zimejitokeza, na wakati mwingine utazikuta zimerundikwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili mitihani yako, halafu fomati fleshi hiyo.

Sasa maswali yako mawili. Seva, yaani kompyuta ya pekee ya kutunza na kugawa mafaili, huhitaji. Na bando halitaliwa na uchapaji.

Ruta yako ina kazi mbili ndani ya kisanduku kimoja, na wengi huzichanganya kwa sababu kisanduku ni hicho hicho. Kazi ya kwanza ni kuunganisha vyombo vya nyumbani vyenyewe kwa vyenyewe. Ya pili ni kuvitoa nje kwenda kwenye intaneti kupitia laini ya simu. Bando linahesabiwa getini, pale data inapotoka au kuingia kwa laini. Faili linalotoka chumbani kwenda fremuni linapita uani tu. Mtu akitoka chumbani kwenda jikoni halipi nauli, kwa kuwa hajapanda daladala.

Usiniamini kwa maneno tu. Mtandao ukishakamilika, chomoa laini kwenye ruta, iache ruta ikiwaka, kisha chapa ukurasa mmoja ukiwa chumbani. Ukurasa utatoka. Mwite na yule kijana aone, maana naye huenda aliambiwa hivyo na mwingine.

Hata hivyo, ipo chembe ya ukweli katika alichosema, na nisipoitaja utakuja kushangaa. Laptopu nyingi za Windows 11 huja zikiwa tayari kupeleka folda ya nyaraka na picha kwenye OneDrive. Hilo ni ghala la mbali, na kila faili likienda huko bando linaliwa. Printa nyingine nazo zina njia ya kuchapa kupitia barua pepe au programu ya simu, ambapo kazi huzunguka intaneti kabla ya kurudi kwako. Mwambie binti aangalie alama ya wingu pembeni mwa saa kwenye laptopu yake. Mafaili ya kushirikishana nyumbani yakae kwenye folda isiyo chini ya OneDrive, basi.

Tuje kwenye mpangilio wenyewe. Hapa ndipo ningependa usimame kidogo kabla hujagusa waya. Mafundi wengi wangekuambia: kwa kuwa printa iko fremuni, na mafaili yote yawekwe kwenye kompyuta ya fremuni, kazi iishe. Kwako nisingefanya hivyo hata kwa siku moja. Kompyuta ya steshenari ndiyo chafu kuliko zote katika nyumba, na si kosa la mama, ni kazi yake ilivyo. Asubuhi hadi jioni inapokea fleshi za watu asiowajua, inafungua nyaraka zinazotumwa kwa WhatsApp, na wateja wanasimama nyuma ya kiti wakitazama skrini. Kama bado inatumia Windows 10, Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kuweka mitihani humo ni sawa na kuining'iniza dirishani.

Kwa hiyo printa ibaki fremuni, mafaili yakae chumbani. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kushirikisha printa hakukulazimishi kushirikisha mafaili. Kompyuta yako inaweza kutuma kazi ya kuchapa fremuni bila kompyuta ya fremuni kuruhusiwa kuingia kwenye hata folda yako moja. Folda ya Mitihani usiishirikishe kabisa, iache kama ilivyo. Tengeneza nyingine mbili: moja iite Familia, ya kwako na binti, kusoma na kuandika. Ya pili iite Kuchapa, kwa vile vitu ambavyo mama anatakiwa kuvichukua na kuvitolea kopi mwenyewe, kama notisi za masomo anazouza. Hiyo kompyuta ya fremuni iruhusiwe kuisoma tu, isiweze kuandika wala kufuta ndani yake. Hapo kirusi kikiingia na fleshi ya mteja na kuanza kuyafunga mafaili moja moja yasifunguke tena, kitakapofika kwenye folda yako kitakuta mlango hauna ruhusa ya kuandika.

Waya au hewani? Laptopu ya binti itumie Wi-Fi. Fremu ivutie waya. Kuta mbili tatu za tofali zinadhoofisha sana mawimbi ya Wi-Fi, hasa ya 5 GHz, na printa inayokatika katikati ya kazi humchosha mtu kuliko printa isiyokuwepo. Nunua waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au Cat6, wa shaba halisi. Madukani kuna wa bei nafuu ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na ukiukwangua kwa wembe unaona weupe. Uache. Urefu unaokubalika ni hadi mita 100, wewe sidhani kama utafika hata 20. Sehemu inayopita nje ipitishe ndani ya bomba la plastiki, jua lisiule.

Kichwa cha waya kina nyuzi nane na mpangilio wake ni huu, ukishika kichwa kikiwa na meno ya dhahabu juu yakikutazama na waya ukielekea chini, kuanzia kushoto: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Angalia kwamba kijani na mwenzake wametenganishwa na bluu mbili katikati. Fundi anayepanga kwa kufuata jozi tu, bila kuwatenganisha, anaweza kuona taa zote nane za kipimo zinawaka kwa mfuatano na bado mtandao ukasuasua. Mwisho wa pili uwe vilevile. Kasi ya megabiti 100 hutumia nyuzi nne tu, ya 1000 inahitaji zote nane, kwa hiyo vyombo vyote vikiwa vya 1000 na bado unaona 100, kuna uzi mmoja haujashika. Kwa kazi yako hata 100 inatosha. Kwa vitendo inapitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde. Mtihani wa megabaiti 2 unafika kabla hujainua kidole, na picha za harusi za gigabaiti 20 zinahitaji kama nusu saa.

Kisha anwani. Hili ndilo ambalo watu huliruka, na ndilo linalowarudisha kwa fundi kila mwezi. Kila chombo kwenye mtandao kinapewa anwani na ruta, mfano 192.168.8.101, na ruta haiahidi kutoa anwani ileile kesho. Miaka yangu ya mwanzo nilifunga mtandao katika ofisi moja, printa ikafanya kazi vizuri wiki nzima, nikalipwa, nikaondoka. Mwisho wa wiki umeme ukakatika. Jumatatu vyombo vikawaka kwa mpangilio tofauti, printa ikapata anwani mpya, na kompyuta zote zikawa zinaita namba ya zamani. Watu kumi na wawili walikaa hadi saa tano hawajachapa barua. Tangu siku hiyo sitoki mahali kabla sijafunga anwani.

Geuza ruta uangalie stika ya chini. Utaona anwani ya kuingilia, mara nyingi 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Iandike kwenye kivinjari, ingia, na jambo la kwanza badilisha hiyo nywila ya kiwandani. Halafu tafuta sehemu ya DHCP, ndiyo inayogawa anwani. Humo kuna orodha ya vyombo na nafasi ya kukiwekea kila kimoja anwani yake ya kudumu. Ruta hukitambua chombo kwa namba ya kadi yake ya mtandao, jozi sita za herufi na tarakimu, ambazo unazipata kwa kuandika ipconfig /all kwenye lile dirisha jeusi. Ipe kompyuta yako 192.168.8.10 na ya fremuni 192.168.8.20, au namba zinazolingana na ruta yako. Ziandike kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa kabati. Ukiwa hapo hapo, kama siku moja utaona anwani inayoanza na 169.254, ujue kompyuta imeomba anwani na ruta haikujibu. Angalia waya kabla ya kitu kingine.

Kompyuta zipe na majina yanayoeleweka yasiyozidi herufi 15, tuseme CHUMBANI na DUKANI. Halafu kwenye kila moja fungua mipangilio ya mtandao uangalie kama mtandao umewekwa "Public" au "Private". Windows ikikutana na mtandao mpya huuchukulia kuwa wa hadharani, kama wa stendi ya mabasi, na hufunga milango yote ya kushirikishana. Uweke "Private". Nimeona watu wanahangaika siku mbili, wanazima hadi ngome ya usalama ya kompyuta (firewall), kumbe ni hiki kitufe kimoja. Ngome usiizime.

Sasa watumiaji. Utakuta masomo mengi ya video yanakuambia uzime kabisa ulinzi wa nywila ili mtu yeyote aingie bila kuulizwa. Mengi ni ya zamani, mengine bado yanaongelea HomeGroup, njia ya zamani ya Windows ya kushirikishana nyumbani, ambayo Microsoft iliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Matoleo mapya ya Windows 11 yanamkataa mgeni asiye na nywila, na yanafanya vema. Yapo pia yanayokuelekeza urudishe SMB ya toleo la kwanza, lugha ya zamani ya kupeana mafaili. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipitia tundu lililokuwa kwenye lugha hiyo na kufunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza. Usiirudishe kwa sababu yoyote.

Fungua lile dirisha jeusi kwenye kompyuta yako, safari hii kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua kuliendesha kama msimamizi, uandike:

net user duka * /add

Itakuuliza nywila mara mbili. Unapochapa herufi hazionekani, hata nyota hazitokei. Kibodi haijafa, endelea tu kuandika na ubonyeze Enter. Rudia kwa mtumiaji wa pili, labda binti. Nywila isiwe tupu, kwani Windows haimruhusu mtu asiye na nywila kuingia kupitia mtandao.

Kisha bofya folda ya Kuchapa kwa kitufe cha kulia, nenda "Properties", halafu "Sharing", halafu "Advanced Sharing". Weka alama ya kuishirikisha, ingia kwenye ruhusa, mwondoe "Everyone", mwongeze duka, mpe "Read" peke yake. Bado hujamaliza. Kuna ukurasa mwingine hapo hapo uitwao "Security" wenye ruhusa zake, na huko nako mwongeze duka kwa kusoma tu. Mtu anayekuja kupitia mtandao hupita milango yote miwili, na ule mgumu zaidi ndio unaoamua. Ukifungua mmoja ukasahau mwingine, utaiona folda lakini haitafunguka. Folda ya Familia ifanyie hivyo hivyo kwa binti, yeye mpe na kuandika.

Kwenye kompyuta ya fremuni, fungua kichunguzi cha mafaili (File Explorer) na uandike juu kwenye mstari wa anwani \\192.168.8.10\Kuchapa. Itauliza jina na nywila. Andika jina hivi: CHUMBANI\duka, kisha nywila uliyoweka, na uweke alama ya kukumbuka. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: wanaandika PIN ya tarakimu nne wanayofungulia kompyuta kila asubuhi. PIN ni ya kompyuta hiyo peke yake na haivuki mtandao. Kinachotakiwa ni nywila ya mtumiaji aliyetengenezwa kwenye kompyuta yenye folda.

Printa sasa. Kabla ya yote, nenda ukaitazame mgongoni. Tundu dogo la mraba ni la USB. Ukiona na tundu pana linalofanana na lile la ruta, au alama ya Wi-Fi kwenye vitufe vyake, basi una bahati. Iunganishe moja kwa moja kwenye ruta, ifungie anwani yake, na kila kompyuta iiongeze kwa anwani hiyo. Haitategemea kompyuta ya mama kuwa imewashwa.

Kama ina USB tu, itashirikishwa kupitia kompyuta ya fremuni. Huko nako tengeneza mtumiaji kwa ile ile amri ya net user, umwite uchapaji. Fungua sifa za printa, ukurasa wa "Sharing", ipe jina fupi lisilo na nafasi, tuseme Printa. Chumbani, kichunguzi cha mafaili, andika \\192.168.8.20 na ujitambulishe kama DUKANI\uchapaji. Utaiona printa. Ibofye mara mbili, itajisakinisha. Kompyuta ya fremuni usiiache ilale yenyewe baada ya dakika kumi na tano, badilisha mipangilio yake ya umeme, maana ikilala printa imelala nayo.

Ukikutana na kosa 0x0000011b usiogope. Mwaka 2021 Microsoft iliziba mianya mikubwa kwenye mfumo wa uchapaji, na tangu hapo kompyuta moja ikiwa imesasishwa na nyingine haijasasishwa hukataa kuzungumza. Watakuambia uingie kwenye rejista, yaani daftari la ndani la mipangilio ya Windows, uandike sifuri mahali fulani. Inafanya kazi, lakini unaufungua mwanya ule ule uliozibwa. Sasisha kompyuta zote mbili hadi mwisho kwanza. Ikigoma bado, pakua dreva ya printa, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia, kutoka kwa mtengenezaji, iongeze printa kama ya hapo hapo kwenye kompyuta yako, tengeneza mlango mpya wa aina ya "Local Port" na uuite \\192.168.8.20\Printa. Njia hii imenitoa mara nyingi.

Simu zenu nazo zinaweza kufungua folda ya Familia. Kwenye iPhone programu ya mafaili ina sehemu ya kuunganisha na seva, unaandika smb:// na anwani. Kwenye Android hata programu ya video ya VLC inaweza kucheza video moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yako.

Mawili kuhusu usalama, na haya nayasema kwa msisitizo. Wateja wakiomba Wi-Fi, wasipewe nywila yenu. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, uwashe huo. Mgeni anapata intaneti lakini hazioni kompyuta zenu. Kumbuka tu kwamba yeye ndiye atakula bando kweli. La pili, folda ikionekana kwenye kompyuta tatu bado ni folda moja iliyo kwenye diski moja. Diski ikifa, imekufa kwa wote. Nunua diski ya nje, kila Ijumaa ichomeke, nakili Mitihani na Familia, ichomoe, iweke kabatini. Ikikaa imechomekwa wiki nzima, kirusi kitakachofunga kompyuta kitaifunga na yenyewe. Wakati wa masika, radi zikianza, chomoa waya wa kwenda fremuni pande zote mbili, kwa sababu waya mrefu unaopita nje hubeba mshtuko wa radi hadi kwenye matundu ya ruta.

Siku utakapochapa mtihani wa kwanza kutoka chumbani, kumbuka kwamba karatasi zinatoka fremuni, mbele ya wateja, na miongoni mwao huenda yumo mwanafunzi wa shule ile ile. Mpigie mama kwanza, asimame kwenye printa na bahasha mkononi, ndipo ubonyeze.